Namba ya Kiangazi

Kabla jogoo hajawika, Dorkasi alisikia maji yakimiminwa. Yalikuwa machache, yakitoka kibuyuni kidogo kidogo, yakinyamaza, kisha yakianza tena upande wa nje wa ukuta. Akadhani ni mama mkwe wake, Bi Hana, ananawa uso. Wazee wana saa zao. Akamvuta mwanawe Loisi karibu, akamfunika mgongo kwa pindo la kaniki. Chini ya kiganja chake akahisi mbavu za mtoto, ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaacha kuzihesabu.

Kwenye ngozi waliyolalia palikuwa na nafasi ya mtu mzima. Mumewe, Yotham, alikuwa amefuata kazi ya reli upande wa Tabora, na tangu mavuno ya mwaka jana hakuna aliyerudi kutoka huko akasema, nimemwona. Dorkasi alikuwa amezoea kulala amejibanza ukutani. Ile nafasi aliiacha vilevile, na asubuhi aliikung'uta vumbi kama vile kuna mtu ameilalia.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, siku ya kupeleka gari bomani.

Gari lenyewe Yotham aliliokota vipande vipande kwenye kambi ya reli iliyohamishwa. Lilikuwa gari la mizigo, la punda mmoja. Dorkasi ndiye aliyeligeuza. Aling'oa ubao wa juu, akalaza mapipa mawili, akayafunga kwa kamba za ngozi, likawa gari la maji. Gurudumu la kushoto lilikuwa na pete yake ya chuma. La kulia lilikuja bila pete, na chuma kingine hakikupatikana, kwa hiyo Rehani, mhunzi wa mjini, alilivisha ngozi mbichi ya fahali, akaishona kwa kano na kuianika juani mpaka ikakauka, ikabana mbao, ikawa ngumu kama pembe.

Stesheni ilitaka maji ya kunywa ya watumishi wake. Msimamizi alikuwa amemwambia Dorkasi, "Lete namba, kesho yake unaanza. Kila wiki unapata ujira wako na unga." Namba ilitolewa bomani. Tangu gari la mfanyabiashara mmoja livunjike katikati ya reli na treni ikasimama nusu siku, Wajerumani walikuwa wametoa amri kwamba kila gari liendalo stesheni likaguliwe na kugongewa bati la namba. Lisilo na bati lingekatwa kuni. Ukaguzi ulikuwa Jumanne na Jumamosi, na baada ya Jumamosi hiyo mkaguzi angeondoka kwenda safari. Angerudi mwezi gani, hakuna aliyejua.

Dorkasi angeweza kungoja, lakini Sila hakutaka kungoja. Sila alikuwa kaka yake Yotham, mtu wa kijiji cha Zuzu, mwenye ng'ombe ambao ukame ulikuwa bado haujawamaliza. Wiki iliyopita alikuja, akamtazama Loisi miguu yake.

"Shemeji," alisema, "mtoto halishwi matumaini."

"Nitapata namba, shemeji."

"Ukiipata, sitasema neno. Alhamisi nitapita. Nikikuta huna, nitaondoka na Loisi. Akae kwangu achunge ndama. Ni damu yetu, si kwamba namuuza."

Na kweli hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

*

Mbele ya boma magari yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja wa bendera, la Mhindi wa duka, la Waarabu wawili ndugu, la misheni. Dorkasi alikuwa wa mwisho. Karani aliyekaa mezani aliitwa Athuman, kijana wa pwani, kanzu yake nyeupe imeanza kushika rangi ya vumbi la Dodoma mpaka magotini.

"Jina la mwenye gari?"

"Mimi."

"Mimi si jina, mama."

"Dorkasi."

"Mwenye gari, nimesema. Mwanamume wa hili gari ni nani?"

"Kumbe gari lina mwanamume!" mmoja wa wale Waarabu akadakia. "Basi huyo punda ni shemeji yake."

Wakacheka wote. Hata askari mlangoni alicheka, kisha akakumbuka bunduki yake, akanyooka.

"Yotham," Dorkasi alisema. "Yuko Tabora, kwenye reli."

"Amekuandikia barua ya ruhusa?"

"Hajaandika."

"Hajaandika ya gari, au hajaandika kabisa?"

Dorkasi alitazama kalamu yake. "Kabisa."

Athuman, ambaye mama yake alikuwa Pangani na ambaye yeye mwenyewe hakuwa amemwandikia tangu Idi, aliinamisha kichwa na kuandika kitu kirefu kuliko jina. "Haya, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Sogeza gari."

Mkaguzi alikuwa Mzungu mwembamba aliyeungua pua. Alikuwa na nyundo ndogo. Aligonga gurudumu la kushoto, akasikiliza. Akagonga la kulia, akaguna, akagonga tena. Kisha akaonyesha rundo la mawe. Kila gari lilipakiwa mawe na kuzungushwa uwanjani mara tatu. Likimaliza zima, linapigwa bati.

Mzunguko wa kwanza gari lilikwenda vizuri. Dorkasi alishika hatamu, akimnong'oneza punda maneno aliyokuwa akimnong'oneza Loisi alipokuwa akijifunza kutembea. Mzunguko wa pili, karibu na mlingoti wa bendera, akasikia sauti asiyoijua, kama kandambili za ngozi zilizolowa. Akageuka. Ile ngozi ilikuwa imelegea na kuteremka ubavuni mwa gurudumu kama soksi ya askari. Alimsimamisha punda, lakini akachelewa. Mbao za duara zikaachana, miti ya gurudumu ikatawanyika, gari likalala upande, na mawe yote ya serikali yakamwagika mbele ya bendera.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu.

Mzungu alisema maneno mawili. Athuman akayatafsiri kuwa mengi, kwa sababu hakutaka yawe mawili: "Bwana anasema gari halina nguvu bado. Anasema litengenezwe. Anasema Jumamosi ni ya mwisho."

"Toa takataka zako mbele ya bendera!" askari akapiga kelele.

Dorkasi aliokota mawe moja moja, akayarudisha kwenye rundo. Alipolifikia gurudumu aliishika ngozi. Ilikuwa ya baridi, laini, imevimba. Ilikuwa imelowa. Akakinusa kidole chake. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne, na usiku ule umande haukuanguka. Alichuchumaa pale, ameshika ngozi ile, na taratibu masikio yake yakamrudishia sauti ya alfajiri, maji yakitoka kibuyuni, yakinyamaza, yakianza tena.

*

Rehani alikuja na nguzo, wakalikokota gari hadi kwenye karakana yake. Jioni Dorkasi alirudi nyumbani kwa miguu. Bi Hana alikuwa amekaa mlangoni, Loisi amelala mapajani mwake.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, mwanangu. Limepita?"

"Bado. Wamesema Jumamosi."

"Wamekuonea." Bi Hana alitikisa kichwa. Alikuwa amebatizwa akiwa mtu mzima, na mambo yake ya zamani alikuwa ameingia nayo kanisani bila mtu kumuuliza. "Maana mimi nililibariki vizuri. Hapa kwetu safari haianzi kavu. Baba mkwe wako hakwenda mahali bila kunyunyiziwa maji, na kila mara alirudi. Yotham nilimnyunyizia kidogo tu, alikuwa na haraka. Nimefikiri sana habari hiyo. Basi gari nikalipa kibuyu kizima. Magurudumu yote mawili. La kulia nikalizidishia, kwa sababu ndilo dhaifu."

Kibuyu kizima kilikuwa maji yao ya siku mbili. Dorkasi aliona midomo ya mama mkwe wake ilivyopasuka, akajua kwamba mgawo wake ndio ulioanza kumwagika.

Maneno alikuwa nayo. Angeweza kuyasema yote: ngozi ikilowa inalegea, mama, hata mtoto anajua, umemmwagia Loisi maisha yake chini. Yangekuwa kweli. Halafu nani angekaa na nani ndani ya nyumba ile, usiku, wanawake wawili wanaomngoja mtu mmoja?

"Asante, mama," alisema.

"Jumamosi nitalinyunyizia tena."

"Jumamosi litalala kwa fundi. Libariki ukiwa hapahapa. Mungu anasikia kutoka mbali."

"Huyo anasikia," Bi Hana alisema, bila uhakika mkubwa. "Ila magurudumu je?"

*

"Ngozi haina kosa," Rehani alisema asubuhi ya Jumatano. "Imefanya kazi ya ngozi. Nani alilimwagia maji?"

"Mimi. Nilikuwa naliosha."

Rehani alimtazama. Alikuwa mtu wa makamo, jicho moja limeliwa na cheche. Hakuamini, akaacha. "Wanawake na usafi," alisema. "Haya. Tunailoweka sawasawa, tunaivuta upya, tunaishona mara mbili. Siku tatu juani. Sina chuma cha kukupa, na hata ningekuwa nacho, wewe huna cha kukinunulia."

"Nitakuchotea maji ya kazi. Siku zote tatu."

"Na usiku nani atailinda? Ngozi mbichi ni kitoweo cha fisi. Mbwa wa mji huu pia si haba."

"Mimi."

"Na kwako?"

Dorkasi alimtafuta Mishi, mwanamke aliyeleta maziwa mjini kutoka upande wa Zuzu, akamwagiza: mwambie shemeji Sila aningoje hadi Jumamosi, ngozi inakauka. Mishi akarudia ujumbe ule mara mbili, ajihakikishie kwamba ameushika.

Siku zile tatu zilikuwa ndefu. Mchana aliteremka kisimani akapanda na mtungi, akateremka tena. Wanawake wa mjini walimpisha kwenye foleni kwa namna watu wanavyompisha aliyefiwa. Kumbe habari ya mawe ilikuwa imefika. Usiku alikaa ameegemea gurudumu, fimbo mapajani. Fisi walilia mbali, wakalia karibu. Alijaribu kumwaza Yotham uso wake, akapata masikio na mkono, uso haukuja. Akamwaza Loisi, akaja mzima mzima, hadi harufu ya utosi wake, na hapo ndipo ilipokuwa vigumu kukaa.

Alhamisi jua lilipofika katikati alisimama barabarani, akatazama upande wa nyumbani. Mwendo wa saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Rehani alikuwa ameitwa stesheni kutengeneza bawaba. Nyuma yake mbwa watatu wenye mbavu nje walikuwa wamelala kivulini, macho yao kwenye gurudumu. Alipiga hatua kumi hivi. Mbwa mmoja akainuka.

Akarudi.

"Na mvua ikinyesha?" alimuuliza Rehani jioni ile, ili asikie sauti ya mtu.

"Mvua ikinyesha Dodoma, mama, nani tena atatafuta gari la maji?"

Dorkasi akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki ile, kikamshtua mwenyewe.

*

Jumamosi Mzungu aligonga gurudumu la kulia kwa nyundo yake. Lilijibu kama ubao wa mlango. Akatoa kisu, akakwaruza ngozi, kisu kikateleza. Akamwambia Athuman jambo.

"Bwana anauliza hii ni nini."

"Ngozi ya fahali."

"Anajua ni ngozi. Anauliza kwa nini inalia kama mti."

"Mwambie imekaa juani na mimi nimekaa nayo."

Athuman alitafsiri kitu. Mzungu akamtazama Dorkasi kwa mara ya kwanza usoni, vumbi lake na macho yake mekundu, akaonyesha mawe.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Karibu na mlingoti Dorkasi alishindwa kutazama nyuma, akatazama masikio ya punda tu. Wa tatu. Gari likasimama likiwa wima, na wale waliokuja mapema ili wacheke wakabaki wameshika viuno.

Mzungu alisema tena maneno machache.

"Limepita," Athuman alisema. "Lakini si kama mengine. Limepita kwa kiangazi tu. Siku mvua ya kwanza ikinyesha, bati linarudi hapa. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Na daftarini nimeandika Mke wa Yotham. Daftari halina mahali pengine pa kukuweka."

"Andika vyovyote. Namba ni ngapi?"

"Kumi na saba."

Wakaligongomea bati ubavuni kwa misumari minne. Dorkasi hakujua kusoma tarakimu, alikuwa ameacha darasa la misheni alipoolewa, lakini alipitisha kidole juu yake, fimbo moja iliyosimama na nyingine iliyokunjwa kichwa, hadi akazishika kichwani. Kisha akageuza punda kuelekea nyumbani, na njiani, pasipo na mtu, akakimbia kando ya gari lake kama msichana.

*

Bi Hana alisikia magurudumu, akatoka. Hakuuliza kama limepita. Aliliona bati, akalishika kwa mikono yote miwili. Dorkasi alitazama nyuma yake, mlangoni, ndani, kwenye kivuli cha zizi.

"Loisi yuko wapi?"

"Alikuja Alhamisi. Sila." Bi Hana aliendelea kulishika bati. "Ujumbe wako Mishi alimfikishia. Hakukasirika. Alikaa akangoja mpaka jua likainama. Akaniambia, mama, Jumamosi mtoto atakula, na leo je? Nikatafuta jibu ndani ya nyumba nzima, mwanangu. Nikatikisa hadi chungu cha mbegu."

"Alilia?"

"Hakulia. Aliuliza kama kule kuna ndama wadogo."

Dorkasi aliketi kwenye mkono wa gari. Punda alikuwa bado amefungwa. Alitaka kuondoka wakati ule ule, lakini giza lilikuwa linaingia na punda alikuwa ametoka kuvuta mawe ya serikali. Usiku ule ngozi ya kulalia ilikuwa pana mno. Bi Hana alikuja bila kuitwa, akajilaza upande wa pili, mgongo kwa mgongo, na hakuna aliyelala.

*

Njia ya Zuzu ilifuata reli. Ilikuwa Jumapili, hapakuwa na treni, na gari tupu lilipiga kelele nyingi kuliko lilivyopaswa. Dorkasi alikuwa amepanga maneno. Kesho naanza kazi. Mwisho wa wiki unga. Atakaa juu ya pipa tukienda kisimani, atashika kizibo. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena hadi yakawa mazuri.

Alimkuta Sila akitengeneza mlango wa zizi. "Shemeji, karibu," alisema, akaacha nyundo yake. Alilizunguka gari pole pole, akasoma bati, akagonga gurudumu la kulia kwa kisigino. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. "Umeweza. Wallahi, mke wa mdogo wangu, umeweza. Nilisema sitasema neno, na sisemi. Mtoto wako yuko kule kwa ndama. Ukimtaka, mchukue."

Loisi alikuwa amesimama katikati ya ndama wanne, fimbo ndogo mkononi. Walikuwa wamempaka samli mwili mzima, ngozi yake inang'aa. Mdomo wake wa juu ulikuwa na mstari mweupe wa maziwa. Siku tatu tu, na tayari alikuwa akisimama kwa namna nyingine, tumbo mbele, miguu imara, kama mtu mwenye shughuli.

"Loisi."

Mtoto akageuka, akaangusha fimbo, akaja mbio. Dorkasi alipiga magoti vumbini na kumpokea, akaingiza pua utosini kwake. Harufu ilikuwa ya samli na moshi wa nyumba nyingine. Chini yake, mbali, ilikuwa ileile.

"Mama umekuja na gari!"

"Nimekuja na gari. Lina namba sasa. Ona hapa. Unaweza kupanda."

Loisi alipitisha kidole juu ya bati kama mama yake alivyofanya bomani, ingawa hakuwa amemwona. Alipanda juu ya pipa, akakaa, akatazama mbali. Akashuka. Ndama mmoja alikuwa amemfuata na kuanza kulamba kiwiko chake.

"Twende nyumbani," Dorkasi alisema. Maneno yote mengine aliyoyapanga yalikuwa yamekimbia. "Bibi anakungoja. Kesho naanza kazi. Twende, mama yangu."

Loisi alimtazama mama yake, kisha akatazama upande wa jikoni, ambako moshi ulikuwa ukitoka na mke wa Sila alikuwa akisonga ugali. Alifikiri. Alikuwa mtoto mkweli. Hakuwa amefundishwa bado kuficha kitu. Akaushika mkono wa Dorkasi kwa mikono yake miwili, asimwumize.

"Mama, huku tunakula mara mbili."